Funguo za Stesheni ya Unyasuku

Kaka Yona,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu mama alitulea hivyo, mdogo hamwanzi mkubwa wake kwa maneno mengine. Usidhani moyo umelainika.

Barua hii nimeifanya ya wazi makusudi. Simu zangu hupokei. Ujumbe unausoma, naona alama zimegeuka bluu, halafu kimya. Kwa hiyo nimeiweka kwenye kundi letu la WhatsApp la wana Unyasuku, ambako najua unachungulia kila siku bila kusema neno, na nakala nyingine nimempa mwenyekiti aibandike kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Atakayeisoma aisome. Mambo haya tumeyakalia kimya miaka kumi na minne, na ukimya huo umemla baba hadi kaburini.

Sitaki kusema kwamba ulikuwa mtu mbaya tangu utotoni. Ingekuwa hivyo ningelala usingizi wangu vizuri. Kinachonitia hasira ni kwamba nakukumbuka.

Nakukumbuka tukiwa wadogo pale stesheni, wewe una kaptula iliyotoboka makalioni, mimi nakufuata kama mkia. Baba alikuwa mtu wa kugeuza njia na kupokea treni kwa bendera, na sisi tuliona ni mkubwa kuliko mkuu wa mkoa. Ulinifundisha kulaza sikio kwenye reli. "Sikiliza," unaniambia, "imeshavuka Manyoni, inatujia." Mimi nilikuwa nasikia joto la chuma tu, lakini nilikuwa naitikia kwa sababu umesema wewe. Ulinipandisha juu ya mizani kubwa ya mizigo, ukasogeza kile chuma cha kupimia, ukatangaza kwa sauti ya stesheni masta kwamba mzigo huu ni mwepesi, usafirishwe bure mpaka Singida mjini. Herufi za kwanza nilizozijua sikuzipata darasani. Nilizipata ubavuni mwa mabehewa, wewe ukininyooshea kidole.

Treni ikiingia, Unyasuku yote inaamka. Mama na wenzake wanakimbilia madirishani na kuku wa kuchoma, mayai, karanga, maziwa ya mgando kwenye vibuyu. Magunia ya vitunguu na alizeti yamepangwa toka asubuhi. Watu wanaagana, watu wanapokeana, mtu anashuka na godoro, mwingine anapandisha mbuzi na kugombana na wahudumu. Siku moja mtoto wa abiria alidondosha kiatu dirishani, treni imeshaanza kuondoka. Ulikiokota ukakimbia nacho, ukapita jukwaa lote, ukapita kibao cha jina, ukaenda mpaka kwenye kokoto, na ukamfikishia mama yake mkononi. Ulirudi magoti yanavuja damu. Baba hakukusifu mbele yetu, unajua alivyokuwa, lakini jioni alikukatia paja la kuku ambalo siku zote lilikuwa lake.

Yule aliyekimbia na kiatu cha mtoto wa watu alikwenda wapi, kaka? Nauliza kweli. Nijibu.

Stesheni haikufa siku moja. Hilo nalo linanikera, kwa sababu ingekufa siku moja tungelia tukamaliza. Treni ya mara mbili kwa wiki ikawa ya mara moja. Kisha ikawa inakuja ikijisikia. Mvua kubwa ilipozoa tuta mbele huko, tukaambiwa ni matengenezo ya muda. Stesheni masta akahamishwa, akaondoka na kitanda chake juu ya lori, akatuachia paka. Wale wa gengi la kutengeneza reli wakaitwa kwingine. Vitunguu vya watu vilioza kwenye jukwaa, ukumbuke, harufu yake ilikaa hadi kiangazi. Hakuna aliyekuja kusimama mbele yetu na kusema: jamani, imefungwa, tafuteni njia nyingine. Mtu mzima anaachwa akisubiri kama mtoto aliyeahidiwa pipi. Kwa hilo hasira zangu haziko kwako, ziko kwa waliokaa maofisini wakaona sisi si watu wa kupewa hata barua.

Baba peke yake ndiye aliyepewa barua. Iliandikwa abaki kulinda jengo na mali yote mpaka atakapopata maelekezo mengine. Hayakuja. Lakini yeye kila asubuhi alivaa lile koti la kaki, akafungua milango yote, akafagia, akapangusa benchi la abiria wasiokuwepo, akafunga saa kumi na moja. Mshahara ulikuja ukisuasua, yeye hakusuasua. Wewe ulikuwa umerudi kutoka Dodoma ambako kazi haikukaa, unalala mpaka jua linachoma, na ulikuwa unamcheka.

"Baba analinda maiti," ulisema siku moja tukila ugali wa uwele na mlenda.

Baba alinawa mikono taratibu. "Maiti nayo inalindwa mpaka wenyewe waje kuzika," akakujibu. Halafu akainuka.

Sasa tuzungumze ya Kintinku.

Shangazi yake baba alifariki, na ilibidi aende kuzika. Ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa nimerudi nyumbani na Rehema, miezi sita mgongoni, ndoa yangu imeshanishinda, kwa hiyo niliona yote. Baba alitoa kile kifungu cha funguo mfukoni, funguo saba kwenye waya, akakukabidhi kwa mikono miwili. Mikono miwili, kaka, kama mtu anayempa mkubwa. Akakuambia, "Nimekuachia stesheni. Jumatatu nipo." Wewe ukaitikia, "Sawa baba, nenda salama." Hukupepesa hata jicho. Na mimi nilifurahi. Nilidhani leo kaka amepewa heshima, labda atasimama.

Jumamosi asubuhi yakaja malori mawili. Asubuhi kweupe, na huo ndio ujasiri wako ulionishangaza. Ulisimama pale na funguo mkononi unawaambia watu kwamba wakubwa wa reli wameagiza vitu vihamishwe visiharibike. Walikuamini, kwa sababu hukuvunja kitu. Ulifungua kufuli moja baada ya nyingine. Siku mbili. Mabati yote ya paa, milango, madirisha, benchi, tenki la maji, mizani, na mwisho reli za ile njia ya pembeni, mkizikata kwa moto mpaka cheche zikashika majani. Nilikuja na Rehema mgongoni nikakushika shati.

"Kaka, unafanya nini? Baba akirudi?"

"Baba hatasumbuliwa. Nani atakuja kuuliza? Treni imekufa, kila mtu anajua."

"Lakini amekuachia wewe."

Uliniangalia usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Wewe umekula hapa nyumbani miezi yote hii na mtoto wako, kuna mtu amekuuliza kitu? Basi na wewe usiulize. Nyamaza."

Nikanyamaza. Nikarudi nyumbani nikamnyonyesha mwanangu, na chuma kinalia huko nyuma yangu. Niliandike hilo nalo, ili watu wasidhani najisafisha. Mama alikuwa Kiomboi kwa dada yake anayeumwa, na mimi ndiye pekee ndani ya nyumba niliyeweza kwenda kwa mwenyekiti. Sikwenda.

Uliondoka na lori la mwisho Jumapili, watu wakiwa kanisani. Ulikuwa na haya kiasi cha kurudisha funguo. Uliziweka juu ya Biblia ya baba, mezani. Sijui ulitaka kusema nini. Mpaka leo sijui kama ilikuwa majuto au kejeli.

Baba alifika Jumatatu mchana kwa miguu kutoka barabara kuu. Alipita stesheni kwanza, kabla ya nyumbani. Nilimwona kwa mbali ameketi ukingoni mwa jukwaa, miguu inaning'inia relini, mkoba wake kando, na nyuma yake jengo halina kitu, kuta tu na anga. Alikaa mpaka kivuli cha ukuta kikamfikia. Alipokuja nyumbani hakunisalimia.

"Yona yuko wapi?"

"Amesafiri, baba."

"Funguo?"

Nikamwonyesha. Akazichukua juu ya Biblia, akazifuta kwa pindo la shati, akatia mfukoni. Kesho yake alikwenda mwenyewe kutoa taarifa polisi. Mwenyewe, kaka. Hakusubiri kukamatwa.

Walikuja watu watatu na gari. Wakazunguka jengo, wakapiga picha, wakaja uani kwetu. Niliwapa viti na maji. Mkubwa wao alikuwa na daftari.

"Mzee, hapa hakuna kufuli lililovunjwa. Funguo zilikuwa kwa nani?"

"Zilikuwa kwangu."

"Umesema ulikuwa Kintinku msibani."

"Nilikwenda nazo."

"Basi mwizi aliingiaje?"

Baba aligeuza uso akaniangalia mimi, nimesimama na birika. Sijawahi kuangaliwa vile tena maishani. Hakunikaripia kwa macho, aliniomba. Mwanaume aliyekataa kupokea hata yai la bure kwa abiria alikuwa anamwomba binti yake asifumbue mdomo kumtaja mwanawe wa kwanza. Kwa mara ya pili nikanyamaza. Wakampandisha gari.

Walimkalisha ndani wiki tano. Kesi haikwenda popote, ushahidi haukuwepo, lakini kazi iliisha na koti la kaki wakalidai. Alirudi amekonda, suruali ameifunga kwa kamba, na ndevu nyeupe ambazo hakwenda nazo.

Na hapa ndipo nataka usome polepole. Hapa kijijini hakuna aliyewahi kumwita baba kwa jina lake. Wewe ni mtoto wa kwanza, kwa hiyo yeye alikuwa Baba Yona. Walipoanza kumsema kisimani, kilabuni, kwenye foleni ya mashine ya kusaga, walisema, "Baba Yona kaiba stesheni." Watoto waliimba hivyo wakimwona anapita na jembe. Kila aliyemwita mwizi alilitaja jina lako, na yeye akageuka akaitika. Miaka kumi na mmoja aliitika hivyo. Kanisani alihama benchi la mbele akakaa karibu na mlango. Rehema alipoanza shule wakamwita mjukuu wa mwizi wa reli, akaja kumuuliza babu yake, na babu yake akamwambia, "Soma kwa bidii, watachoka." Hawakuchoka.

Alipofariki nilikupigia. Ulilia kwenye simu, nilikusikia, na nikadhani sasa atakuja. Tukasubirisha mazishi siku nzima. Ukapiga ukasema gari limeharibika Gairo. Siku ya pili ukazima simu. Tukamzika bila mtoto wake wa kwanza. Mdogo wa baba ndiye aliyetupa udongo mahali pako. Wakati wa kusoma wasifu wa marehemu, msomaji akasema alizaliwa, alibatizwa, alioa, alikuwa mkulima. Mkulima! Walimwondolea maisha yake yote ya reli, wakaona wanatuheshimu sisi wafiwa kwa kutoyataja. Nilitaka kupiga kelele pale makaburini. Nikanyamaza, mara ya tatu.

Kilichonifungua mdomo si ujasiri, kaka. Ni Neema wa jirani. Mwezi wa pili mwaka huu alishikwa na uchungu wa kujifungua, na huku kwetu njia ya hospitali siku hizi ni pikipiki. Tulimweka katikati, dereva mbele, mimi nyuma nimemshikilia kwa kanga, barabara ina mashimo ya kumeza mbuzi. Akajifungulia kando ya njia, nyuma ya kichuguu, mimi ndiye mkunga. Walipona wote wawili na ninamshukuru Mungu. Lakini kina mama tulikasirika, tukamwandama mwenyekiti mpaka akaita mkutano wa kijiji. Tuliomba lile jengo la stesheni ligeuzwe zahanati. Kuta zake nzito, msingi mzuri, lina vyumba vinne na sebule ya abiria. Alikuja ofisa kutoka wilayani kulikagua, kijana mpole, akatuambia ukweli mbele ya mkutano: kuta ni nzima, lakini paa hakuna, milango hakuna, madirisha hakuna, hata mbao zimeng'olewa. Kulirudisha ni kama kujenga upya, na fungu hilo kwa sasa halipo.

Watu wakaguna. Kisha mzee mmoja akasema kwa sauti, wala hakuficha, "Tumshukuru Baba Yona."

Wakacheka. Rehema alikuwa ameketi karibu yangu, amekuja kutoka shule. Aliinamisha kichwa. Ana miaka kumi na minne na ameshajua namna ya kuinamisha kichwa kwa jambo hilo, amezoea, kama mtu anayejua mlango mfupi ulipo ndani ya nyumba yake.

Nikasimama. Sikuomba nafasi.

"Baba yangu hakuiba," nikasema. "Siku hiyo alikuwa Kintinku anazika. Funguo alimwachia kaka yangu Yona. Nilimwona Yona kwa macho yangu anafungua milango, siku mbili, mchana. Na nyinyi mlimwona."

Mwenyekiti akavua kofia. "Mama Rehema, una hakika na unachosema?"

"Nina hakika. Andika."

"Na kwa nini umekaa kimya muda wote huu?"

Swali hilo najiuliza hadi leo. Ndipo Mzee Hamisi, yule fundi baiskeli, akajikongoja akainuka.

"Mabati manne yako jikoni kwangu," akasema. "Aliniuzia Yona mwenyewe. Nilijua si ya baba yake."

Mwanamke mmoja akasema mlango wa duka lao ni wa chumba cha tiketi. Mwingine, benchi. Ikawa kama watu wanaungama. Na mimi badala ya kufarijika nikapandwa na hasira ambayo sijawahi kuijua. Nililia kwa hasira, kaka. Kumbe walijua! Walilala chini ya paa la stesheni, wakaamka asubuhi wakamwita baba mwizi. Niliwaambia hivyo. Niliwaambia maneno mengine ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu mchungaji naye yumo kwenye kundi.

Ya mama ndiyo yaliyonimaliza. Hakuwepo mkutanoni, miguu haimruhusu. Nilipomweleza alikaa siku nne hasemi na mimi, chakula nikimpelekea anageukia ukutani. Siku ya tano akaongea, kwa Kinyaturu, maana Kiswahili hakikumtosha. Akasema alijua tangu alipotoka Kiomboi. Baba alimweleza yote, na wakakubaliana wasiseme. Yeye akidhani mimi sijui, baba akijua siri ya kila mmoja wetu bila kumwambia mwenzake, mimi nikidhani namlinda mama. Nyumba nzima tulikuwa tunajua, kila mtu peke yake. Tulikula sahani moja miaka yote hiyo, tukakulinda wewe, na wewe hukuweza hata kushika koleo.

Nilimuuliza mama kwa nini baba alifanya vile. Akasema, "Alisema Yona ana maisha mbele, yeye ameshamaliza yake." Hakuwa amemaliza. Alikuwa na miaka hamsini na tatu, meno yote kinywani, na alipenda kazi yake kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfahamu.

Maisha hayo yaliyokuwa mbele, umeyafanyia nini, kaka? Nasikia una familia Morogoro. Nasikia una duka la vifaa vya ujenzi, na sitatia neno. Natamani watoto wako niwajue. Naapa natamani. Hilo ndilo linalonichosha, kwamba ningeweza kukuchukia moja kwa moja ningepumzika, lakini ukiingia hapa sasa hivi najua mkono wangu utakwenda kwenye sufuria kutafuta paja la kuku.

Vitu vimeanza kurudishwa, kidogo. Mabati tisa, mengi yametoboka. Mlango mmoja. Benchi lina miguu mitatu. Ofisa wa wilaya ameahidi kulipeleka tena ombi letu, sijui litafika wapi, nimeshajifunza kutosubiri. Kina mama tunakwenda kila Alhamisi kukata vichaka ndani ya vyumba. Jana tumeua nyoka pale lilipokuwa dirisha la tiketi.

Mama anakuulizia. Nilimpa simu akupigie, akakataa. Anasema hataki sauti, anataka mtu.

Kwenye muhtasari wa mkutano jina lako limeandikwa kamili, na la ubatizo na la ukoo. Baada ya watu kutawanyika mwenyekiti alinifuata, akaniambia kwa upole kwamba kitabu bado hakijapigwa muhuri, na kama nataka, kwa ajili ya mama, anaweza kulitoa na kuandika "mtu mmoja." Nilimwomba kitabu nikakisoma mwenyewe mstari kwa mstari. Kisha nikamrudishia, nikamwambia apige muhuri.

Baki salama huko uliko, mpaka utakapoona aibu ya kubaki.

Mdogo wako wa kuzaliwa tumbo moja,
Mama Rehema